Mti, Mawimbi na Wavu: Tathmini ya Michoro ya Historia ya Kiswahili

1. Swala lenyewe

Katika vitabu vya isimu ya kihistoria, mchoro ni sehemu inayotazamwa na wengi na kuhojiwa na wachache. Hoja za mwandishi hupimwa neno kwa neno, na mifano yake hukaguliwa mmoja mmoja. Lakini mistari michache aliyoichora ili kuonyesha uhusiano wa lugha hupokewa kana kwamba ni picha iliyopigwa, wala si hoja. Mwanafunzi anayesahau maelezo ya sura nzima hukumbuka mchoro wake hadi siku ya mtihani, na pengine hadi siku atakapokuwa mwalimu. Kwa hiyo kosa la mchoro huishi muda mrefu kuliko kosa la sentensi.

Makala haya yanakusudia kutathmini aina tatu za michoro ambazo zimetumiwa kueleza historia ya lugha za Kibantu kwa jumla na ya Kiswahili hasa: mti, mawimbi na wavu. Kila aina itaulizwa swali moja tu. Je, inaweza kuonyesha mtandao wa mahusiano usiokaa katika hali moja, yaani mtandao ambao nyuzi zake hufungwa, hukatika na kufungwa upya kadiri miaka inavyopita? Kwa urahisi wa maelezo, mahali, jamii au lugha inayoingia katika mtandao itaitwa kifundo. Na uhusiano baina ya vifundo viwili, uwe wa biashara, wa kazi, wa dini au wa shule, utaitwa uzi.

Mfano utakaotumiwa ni Kiswahili cha Katanga, na hasa kile cha Lubumbashi. Haukuchaguliwa kwa sababu ya ujirani peke yake. Kiswahili hicho hakielezeki kwa kumtaja mzazi wake tu, wala kwa kuwataja majirani wake tu. Hueleweka pale tu inapojulikana ni nani aliyekutana na nani, wapi, na kwa utaratibu gani wa miaka. Aidha, swala hili si la wachoraji peke yao. Mahali lugha inapowekwa katika mchoro ndipo inapowekwa darasani. Lugha iliyochorwa kama kijitawi kilichopotoka mbali na shina hufundishwa kama upotovu, na wasemaji wake husahihishwa kabla ya kusikilizwa.

2. Mti: muda bila mahusiano

Mchoro wa mti uliingizwa katika isimu na August Schleicher, aliyechapisha mti wa lugha za Kihindi-Kizungu mwaka 1853, miaka sita kabla ya Charles Darwin kuchapa kitabu chake juu ya asili ya spishi, ambacho mchoro wake pekee ulikuwa pia wa matawi. Nguvu ya mti haifichiki. Unaonyesha muda: yaliyo karibu na shina ni ya kale, yaliyo karibu na majani ni ya leo. Unaonyesha pia asili ya pamoja, na kumlazimisha mtaalamu aseme wazi ni lugha zipi zilizotengana kwanza na zipi baadaye. Anayechora mti hawezi kujificha nyuma ya maneno ya jumla.

Katika taaluma ya Kiswahili, mti umetoa huduma kubwa. Derek Nurse na Thomas Spear mwaka 1985, kisha Nurse na Thomas Hinnebusch mwaka 1993, waliweka Kiswahili mahali pake katika kundi la Sabaki, pamoja na Kikomoro, Kimijikenda, Kipokomo na Kielwana. Kwa kufanya hivyo walivunja dhana iliyozoeleka kwamba Kiswahili ni mchanganyiko wa Kiarabu na lugha za Kiafrika. Maneno ya Kiarabu yamo kwa wingi, lakini sauti za lugha, ngeli zake na vitenzi vyake vilirithiwa kutoka kwa lugha mama ya Kibantu. Hoja hiyo isingalisimama bila mti. Ni haki kuongeza kwamba vitabu hivyo viwili vinajadili pia mkopo wa maneno na athari za majirani; waandishi wake hawakudhani kwamba mti unasema yote.

Lakini yale ambayo waandishi huyaeleza kwa maneno, mchoro huyanyamazia. Mti una sheria isiyoandikwa: matawi yakitengana hayaunganiki tena. Kila lugha ina mzazi mmoja, na ikishaachana na dada yake, dada huyo huwa kama amekufa. Sheria hii huenda ikafaa pale ambapo watu walihama wakatengwa na milima, misitu au bahari. Haifai hata kidogo pale ambapo watu waliendelea kuoana, kuuziana na kuhamiana. Sarah Thomason na Terrence Kaufman walionya mwaka 1988 kwamba ziko lugha zisizoweza kutundikwa juu ya mti, kwa sababu hazikupokewa na kizazi baada ya kizazi kwa njia ya kawaida. Mfano mashuhuri uko Tanzania, katika milima ya Usambara: Kimbugu, chenye sarufi ya Kibantu na sehemu kubwa ya msamiati usio wa Kibantu, ambacho Maarten Mous alikieleza kwa kirefu mwaka 2003. Mchoraji wa mti huona taabu hapo: akifuata sarufi ataitundika lugha hiyo upande mmoja, akifuata msamiati ataitundika upande mwingine.

Upungufu wa pili wa mti ni kwamba huchorwa kwa majani yaliyo hai. Lugha zilizokufa bila kuandikwa hazina tawi. Utafiti wa akiolojia uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba idadi ya watu katika msitu wa Kongo ilishuka sana kuanzia mnamo mwaka 400 baada ya Kristo, na kwamba sehemu nyingi zilikaliwa upya karne nyingi baadaye. Ikiwa ni hivyo, basi baadhi ya lugha zinazosemwa leo msituni huenda si wazao wa lugha za walowezi wa kwanza, bali za watu waliokuja baada ya pengo. Katika mti pengo hilo halionekani. Mstari hupita juu yake bila kukatika.

Mbinu za kompyuta hazikuondoa tatizo hilo. Mwaka 2015 Rebecca Grollemund na wenzake walichora mti wa lugha zaidi ya 400, uliotiwa tarehe, wakakata maneno kwamba Wabantu walifuata zaidi njia za savana zilizofunguka ndani ya msitu. Mwaka 2022 kundi jingine la wataalamu, likiongozwa na Ezequiel Koile, lilitoa jibu lililo kinyume: kwamba wahamaji walipita katikati ya msitu wenyewe, mnamo miaka 4,400 iliyopita. Tofauti hiyo si aibu kwa sayansi. Ndivyo inavyokwenda mbele. Inafundisha tu kwamba hata mti uliohesabiwa na mashine ni hoja, na hoja hujibiwa.

Liko jambo jingine la kuangaliwa katika miti hiyo mipya. Hujengwa juu ya orodha fupi ya maneno ya msingi, yaliyochaguliwa kwa kuwa hayakopwi kwa urahisi. Busara ya uchaguzi huo iko wazi kwa anayetafuta ukoo. Hata hivyo, maana yake ni kwamba mahusiano ya ujirani yameshatupwa nje kabla kalamu haijagusa karatasi. Kiswahili cha Lubumbashi kikipimwa kwa orodha ya namna hiyo, hapana shaka kitakaa karibu sana na Kiunguja, kwa maana maneno ya msingi ni yale yale. Lakini msemaji wa Lubumbashi anayesema *batu* badala ya *watu*, anayeunda udogo kwa viambishi *ka-* na *tu-*, na anayetumia *njo* pale ambapo sarufi sanifu inataka *ni* au *ndiyo*, hataonekana popote katika mchoro huo. Kile kinachomfanya awe yeye kimebaki nje ya orodha.

3. Mawimbi na wavu: mahusiano bila muda

Upinzani dhidi ya mti ulianza mapema. Mwaka 1872 Johannes Schmidt alitoa nadharia ya mawimbi: mabadiliko ya lugha huenea kutoka mahali pamoja kama duara za maji zinavyopanuka pale jiwe lilipoanguka, na duara za mawe mbalimbali hukatana. Kwa nadharia hiyo lugha mbili jirani zinaweza kushiriki sifa moja bila kuwa na mzazi mmoja wa karibu. Ramani za lahaja zilizofuata, zenye mistari inayozunguka eneo la kila sifa, ni watoto wa fikra hiyo.

Malcolm Guthrie naye, katika uainishaji wake wa mwaka 1948, alizigawa lugha za Kibantu katika kanda zenye herufi, akifuata sana jiografia. Mgawanyo wake ungali unatumiwa kama anwani za posta: Kiswahili ni G42, Kiluba cha Katanga L33, Kisanga L35, Kibemba M42. Anwani hizo zinafaa kwa kutafutia lugha katika maktaba. Zinapochukuliwa kuwa historia, zinapotosha. G, L na M zimetengana katika ramani, ilhali katika ua mmoja wa Kenya au wa Katuba, mitaa ya Lubumbashi, zimekaa pamoja tangu zamani za mababu, katika kinywa cha mtu mmoja.

Katika karne hii ulipatikana mchoro wa tatu, ule wa wavu. Ulitokana na biolojia. David Bryant na Vincent Moulton waliueleza kwa ukamilifu mwaka 2004, na programu za kuuchora zikaenea upesi miongoni mwa wanaisimu. Kazi yake yaeleweka kwa maneno machache. Mtaalamu huandaa jedwali la umbali baina ya lugha zake, mbili mbili. Pale ambapo umbali huo unakubaliana na mti, mashine huchora mstari mmoja. Pale ambapo sifa zinagombana, yaani baadhi zinaivuta lugha huku na baadhi kule, huchora mistari sambamba inayofanya visanduku kama matundu ya wavu wa mvuvi. Visanduku vikiwa vingi, msomaji hujua kwamba mti peke yake ungalimdanganya.

Hii ni hatua kubwa, nayo yastahili sifa. Wavu unakiri ugomvi ambao mti huuficha. Kiswahili cha Lubumbashi kikiingizwa humo pamoja na sifa zake za sarufi, kingevutwa upande wa Unguja kwa msamiati na upande wa Kiluba, Kisanga na Kibemba kwa viambishi, na mvutano huo ungeonekana kwa macho.

Hata hivyo, wavu una vilema viwili. Kwanza, hausemi kwa nini sifa zinagombana. Kisanduku kimoja chaweza kutokana na mkopo, kingine na lahaja zilizoachana polepole, kingine na bahati tu. Vyote huchorwa kwa wino mmoja. Pili, na hili ndilo zito kwa swali la makala haya, wavu hauna tarehe. Uzi uliofungwa mwaka 1870 na uzi uliofungwa mwaka 1970 hulala pamoja katika karatasi kana kwamba vilisokotwa siku moja. Mti ulikuwa na muda bila mahusiano. Wavu una mahusiano bila muda. Mtu mwenye vyote viwili mkononi bado hana historia.

4. Mfano wa Katanga: nyuzi zilizofungwa na nyuzi zilizokatika

Ili uzito wa upungufu huo upimwe, yafaa kufuata vifundo na nyuzi za Kiswahili cha Katanga kwa utaratibu wa miaka.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 nyuzi kuu zilitoka mashariki. Misafara ya Unguja ilipita Tabora na Ujiji hadi Nyangwe na Kasongo katika Maniema, na habari za safari hizo zimesimuliwa na Tippu Tip mwenyewe kwa Kiswahili. Kusini zaidi kulikuwa na Bunkeya, mji mkuu wa Msiri, aliyetoka Unyamwezi na kufanya biashara na pwani zote mbili: ya Bahari ya Hindi, na ya Atlantiki kwa njia ya Benguela. Mtandao huu ulivunjika katika muda mfupi sana. Msiri aliuawa Desemba 1891, na wakazi wa Bunkeya wakatawanyika. Mwaka 1893 Nyangwe na Kasongo zilitekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo. Vifundo vilibaki katika ramani, nyuzi zilikatika.

Kisha ukaja mtandao mwingine wenye mwelekeo tofauti. Union Minière iliundwa mwaka 1906. Reli iliyotoka kusini ilifika Élisabethville mwaka 1910, mwaka ule ule mji ulipoanzishwa. Katika miaka hiyo ya kwanza mji ulikuwa umefungwa na Rhodesia kuliko na Unguja: wafanyakazi wengi walitoka kusini, na pamoja nao yalikuja maneno ya migodi na ya nyumba za Wazungu. Neno *boyi*, kwa mfano, lilipanda reli hiyo. Reli iliendelea hadi Bukama mwaka 1918 na hadi Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, mwaka 1928. Tangu miaka ya 1920 wafanyakazi waliandikwa kwa wingi kutoka Lomami, Kasai na Ruanda-Urundi. Nyuzi za kaskazini zikawa nene, zile za kusini zikakondeshwa makusudi, kwa kuwa wakuu wa koloni la Wabelgiji hawakupenda mji wao utawaliwe na desturi za Waingereza. Johannes Fabian, aliyefundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1986 kwamba kuenea kwa Kiswahili katika migodi kulihusiana na siasa hiyo ya kazi, na kwamba lugha hiyo haikuwa tu tunda lililoiva lenyewe kutoka katika mbegu ya misafara. Edgar Polomé alikwisha kuandika juu ya umbo la lugha hiyo mwaka 1968. Wasemaji wenyewe nao wameacha ushahidi: historia ya mji iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965, kwa Kiswahili cha hapa na kwa mtazamo wa watumishi wa nyumbani, ilichapishwa tena na Fabian na wenzake mwaka 1990.

Wakati huo huo uzi mmoja ambao ungaliweza kufungwa haukufungwa. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo ya Wabelgiji ilikuwa nje. Vitabu vya misheni na vya shule vilileta usanifu fulani, lakini kwa mlango mwingine na kwa kiasi kingine.

Sasa mambo haya yote na yachorwe katika karatasi moja, kama ilivyo desturi. Unguja itaungwa na Bunkeya, Bunkeya na Lubumbashi, Lubumbashi na Rhodesia, Lubumbashi na Kasai. Msomaji atakayefuata mistari kwa kidole atadhani kwamba neno lolote liliweza kupita kutoka kifundo chochote hadi kingine. Si kweli. Neno la misafara liliweza kufika Élisabethville baada ya mwaka 1910 hata ingawa njia ya misafara ilikuwa imekufa, maana wako watu wa Bunkeya na wa Maniema waliolihifadhi vinywani. Lakini neno la migodi lililoingia na reli mwaka 1910 halikuweza kurudi kwa njia ya misafara kwenda Unguja, kwa kuwa njia hiyo haikuwapo tena. Katika mtandao unaobadilika, kuwako kwa nyuzi mbili zinazofuatana katika karatasi hakutoshi. Lazima ule wa kwanza uwe umefungwa kabla ya ule wa pili kukatika. Mchoro usio na tarehe hufungua njia ambazo hazikuwahi kupitwa na mtu.

Tena kuna jambo ambalo mfano wa Katanga unalionyesha kwa uchungu. Kati ya mwaka 1992 na 1993 familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi, Kolwezi na kwingineko katika eneo hili. Treni zilizowaleta wazee wao zilitumika kuwaondoa. Nyuzi za watu zilikatwa kwa nguvu. Je, athari za lugha yao zilitoka nao? Hazikutoka. Kiambishi hakipandi treni. Yale yaliyokwisha kuingia katika usemi wa mji yamebaki katika vinywa vya watu wote, wakiwamo wale walioshangilia kuondoka kwao. Kwa hiyo mchoraji anahitaji namna mbili za nyuzi: ule wa watu, wenye tarehe ya kufungwa na ya kukatika, na ule wa lugha, ambao huanza kwa sababu ya ule wa kwanza lakini haufi pamoja nao. Anayechanganya hizi mbili atawafuta watu katika historia mara ya pili, kwa kudhani kwamba kilichobaki hakina mwenyewe.

5. Masharti ya mchoro unaofaa

Kutokana na uchambuzi huo, masharti manne yanaweza kuwekwa. Hayahitaji mashine ya thamani. Yanawezekana kwa penseli, rula na karatasi ya kunakilishia.

Sharti la kwanza: mchoro uwe mfululizo, usiwe mmoja. Kila kipindi kiwe na picha yake, na picha zote zipangwe ubavuni mwa nyingine katika ukurasa mmoja. Picha zinazosogea katika kioo cha kompyuta huvutia, lakini mtazamaji hulazimika kukumbuka kilichopita ili akilinganishe na kilichopo, na kumbukumbu ya jicho ni fupi. Picha zilizopangwa bega kwa bega huruhusu jicho kurudi nyuma. Ni faida pia kwa chuo ambacho umeme wake haukosi kukatika.

Sharti la pili: vifundo visihame kutoka picha hadi picha. Bunkeya iwapo juu kulia katika picha ya mwaka 1880, ikae juu kulia hadi mwisho, hata itakapokuwa haina uzi hata mmoja. Programu nyingi za kuchora mitandao hupanga vifundo upya kila mara, ili mistari isikatane ovyo. Kwa mtandao uliotulia, huo ni usafi. Kwa mtandao unaobadilika, ni hasara, kwa sababu msomaji hajui tena kama kilichobadilika ni historia au ni mpangilio wa mchoro.

Sharti la tatu: mipaka ya vipindi itokane na nyuzi zenyewe, si na kalenda. Anayegawa kwa miaka hamsini hamsini, kuanzia 1880 hadi 1930, ataweka misafara na reli katika picha moja, na makosa yaliyotajwa juu yatarudi. Anayegawa mwaka kwa mwaka atapata picha nyingi zisizo na kitu. Kwa Katanga, mipaka yenye maana ni kama 1891, 1910, 1928 na 1960, maana hapo nyuzi kubwa zilifungwa au zilikatika.

Sharti la nne: pasipo na uzi paseme kwa nini. Kukosekana kwa mstari kwaweza kuwa na maana mbili: hapakuwa na uhusiano, au hapana ushahidi. Mchoraji mwaminifu atatumia mstari mzima kwa uhusiano uliothibitishwa, mstari wa vipande kwa ule unaodhaniwa, na alama nyingine pale ambapo inajulikana kwamba uhusiano haukuwapo, kama baina ya Lubumbashi na kamati ya mwaka 1930. Mfano mdogo unatosha. Namba *sita* na *saba*, zenye asili ya Kiarabu, zatumika Lubumbashi. Zaweza kuwa zilikuja na misafara. Zaweza kuwa zilitiwa nguvu, au hata kuletwa kwa wengi, na vitabu vya shule. Mchoro unaompa msomaji njia moja tu kwa mstari mzima unamficha shaka iliyo haki yake kuijua.

6. Fundisho la lukasa

Yapasa kukumbuka kwamba kazi ya kuchora mahusiano yanayobadilika haikuanza Ulaya. Katika nchi ya Waluba, wana wa chama cha mbudye walitumia lukasa, ubao wa mti unaoshikika mkononi, uliopambwa kwa shanga na makombe au kwa nakshi. Thomas Reefe aliueleza mwaka 1977, na Mary Nooter Roberts pamoja na Allen Roberts wakaurudia kwa kirefu katika kitabu cha mwaka 1996. Msomaji wa lukasa huushika ubao kwa mkono wa kushoto na kupitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga, akisimulia wafalme, safari zao, mahali patakatifu na mahusiano ya vyeo. Ushanga mmoja waweza kusimamia mtu, mahali au tukio, na masimulizi hutofautiana kwa kadiri ya msomaji na ya shughuli iliyowakutanisha watu.

Fundisho lake kwa swali hili ni la moja kwa moja. Shanga hazihami. Kinachosogea ni kidole na sauti. Lukasa hauweki muda katika ubao. Unauweka katika usomaji. Kwa maneno mengine, waliougundua walijua kwamba mchoro peke yake haubebi mabadiliko, na kwamba lazima awepo mtu wa kuusema. Michoro ya isimu, kinyume chake, hutolewa katika kitabu kimoja na kubandikwa katika kingine bila maneno yake, kama ubao uliotiwa kabatini mwa makumbusho bila mbudye wa kuusoma.

Lakini sifa isizidi kiasi. Elimu ya lukasa ilikuwa ya wachache walioingizwa chamani, na uwezo wa kutofautisha masimulizi ulikuwa pia uwezo wa kumpendeza mtawala wa siku hiyo. Mchoro wa kitaaluma hauwezi kujipa uhuru huo. Ufunguo wake lazima uandikwe, ili mpinzani naye aweze kuusoma na kuukosoa. Kinachofaa kuchukuliwa kwa Waluba ni vifundo vilivyotulia na wajibu wa maelezo. Siri hubaki kwa wenyewe.

7. Hitimisho

Methali yasema mwacha asili ni mtumwa. Mara nyingi methali hiyo hunukuliwa dhidi ya Kiswahili cha Lubumbashi, na mchoro wa mti huipa sura ya sayansi: asili ni moja, iko pwani, na kila kilichotoka nje ya mstari kimeacha. Uchambuzi huu umeonyesha kwamba hukumu hiyo haitokani na lugha, bali na chombo kilichotumiwa kuichora. Mti ungali unahitajika, maana bila huo ukoo wa Kiswahili hauthibitiki. Wavu nao unahitajika, maana bila huo ujirani hauonekani. Ila hakuna hata mmoja kati yake unaoweza kusema ni lini.

Swala hili limepata uzito mpya tangu Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Uzi ambao haukufungwa mwaka 1930 unafungwa sasa, kwa njia ya biashara, barabara na vitabu vya shule. Wanafunzi wa Lubumbashi watakutana na wenzao wa Dodoma na Nairobi, na swali la kwanza litakuwa: hiki mnachosema ni Kiswahili gani? Jibu laweza kutolewa kwa kuona haya, kama la mtoto aliyepotea njia, ama kwa kufungua ukurasa wenye picha nne au tano zilizopangwa ubavu kwa ubavu, vifundo vikiwa mahali pamoja, nyuzi zikiwa na tarehe zake. Katika picha hizo *ba-* ya *batu* haitakuwa kosa la tawi. Itakuwa alama ya uzi: ulifungwa na nani, mwaka gani, katika kazi gani, na ni nani aliyeushika baada ya waliouleta kuondoka. Kazi ya kuzichora picha hizo haijafanywa kwa ukamilifu bado, na wanaofaa zaidi kuianza ni wale wanaosema lugha hiyo kila siku na kuisoma chuoni.